Dawa Iliyokaa Nyumba ya Mkwe

Siku niliyoanza kazi pale kituo cha afya, waliokuwepo ni hawa. Tabibu Mfawidhi, ndiye mkuu wa kituo, jina lake Rashidi, mtu wa Tanga, hana ndugu hata mmoja huku kwetu milimani. Nesi Atupele, mkunga, ambaye mume wake na mume wangu marehemu mama zao ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mimi na yeye tuliitana mke mwenza kwa utani. Mzee Juma wa Bulyaga, mtoa dawa, ambaye hatukuwa na undugu wowote, ila mke wake ndiye aliyenishonea sare. Na mimi, Mama Tumpe, mhudumu mpya, mjane, niliyeishia darasa la nne. Hao ndio wote, na hao ndio nitakaowataja, pamoja na familia moja ya Suma.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Mitumba imeingia, maduka ya dawa ya watu binafsi yamefunguliwa Tukuyu mjini, na serikali imeanza kutuambia wagonjwa wachangie matibabu. Mimi niliajiriwa kufagia, kuosha mashuka, kuchemsha sindano, kumgeuza mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Asubuhi ile Tabibu alikuwa amevaa sweta mbili na bado anasugua viganja.

"Mama, hapa kwenu jua linatoka lini?"

Mzee Juma akamjibu toka dirishani kwake, "Limetoka, Daktari. Ndiyo hilo."

"Hilo ni jua?"

"Hii bado siyo baridi. Subiri mwezi wa sita, utaomba ulale na wagonjwa."

Nesi Atupele akanishika mkono akanizungusha wodini. Akaniambia jambo moja tu la kukumbuka: mtu akianguka kifafa, usimkimbie na usimshike kwa nguvu. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumwumiza, legeza nguo shingoni, usimtie kijiko mdomoni. "Na lile povu haliambukizi, mke mwenza. Ni mate." Mimi nilikuwa nimekua nikisikia ukiguswa na povu umekwisha. Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

Kazi hiyo ya kifafa ndiyo ninayotaka vijana mjue, kwa sababu siku hizi naona dawa nyingi zimekuja na watu wamesahau ile yetu ya zamani. Inaitwa fenobabitoni. Sisi tuliita fenobabi. Ni kidonge kidogo cheupe, kichungu, kinachotuliza ubongo usiruke ovyo. Haiponyi kifafa, inakizuia. Anayekizoea anakunywa mara moja, jioni, kwa sababu kinaleta usingizi. Wengi wa watu wetu hawakusoma, basi Mzee Juma alichora mwezi kwenye kibahasha cha karatasi, mgonjwa akijua ni dawa ya usiku. Alichora mwezi mzuri, na pembeni akaongeza nyota bila kuambiwa na mtu.

Ile dawa iliwasimamisha watu. Nimeona kijana wa Kawetele aliyefungiwa nyumbani akirudi kuchuma chai na wenzake. Nimeona mama aliyeungua mkono kwa kuangukia moto akipika tena bila kuogopa jiko. Lakini ina makali yake, na Tabibu aliyarudia kila kliniki mpaka mimi mwenye ndoo nikayajua. Mtoto mwingine akiinywa, badala ya kusinzia anakuwa mtundu asiyetulia. Mtu akitoka vipele mwilini, arudi kituoni siku hiyohiyo. Pombe usichanganye nayo kabisa, maana vyote viwili vinalaza, na vikilaza pamoja vinaweza kulaza mpaka pumzi. Mwanamke anayetumia vidonge vya majira aseme, kwa sababu fenobabi inavipunguzia nguvu na mimba inaingia. Na vidonge vya dukani vinaweza kufanana na vyetu kwa macho vikawa na nguvu zaidi, basi mtu alete pakiti tuione kabla hajameza. Mzee Juma aliwaambia, "Mweupe na mweupe siyo ndugu. Hata chumvi na sukari ni nyeupe."

Na kubwa kuliko yote: usiache ghafla. Ukitaka kupunguza, unapunguziwa na tabibu, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Ukikata kwa mara moja, kifafa kinarudi na hasira. Hakiji kimoja, vinafuatana, na mtu haamki katikati.

Sasa Bupe. Bupe alikuwa binti wa Kawetele, na kifafa alikuwa nacho toka utotoni. Fenobabi ilimshika vizuri, mpaka akaolewa Suma na Lusekelo mwana wa Mzee Nsajigwa. Lusekelo alijua habari ya kifafa na mama yake alijua. Majirani hawakujua, na Bupe alitaka ibaki hivyo, kwa sababu mke wa kifafa anasemwa kisimani. Alishika mimba akiwa kwenye vidonge vya majira, ndiyo ile niliyosema. Nesi Atupele alimtunza, dawa haikukatwa, maana kuanguka na mimba ni hatari zaidi kwa mama na mtoto. Akazaa mtoto wa kike mzima, mtoto akachomwa vitamini ya kuzuia damu kuvuja, wakarudi nyumbani.

Mwaka ule mtoto mmoja wa kijiji kingine alikuta fenobabi za bibi yake jikoni akazimeza kama pipi. Aliletwa amelegea kama kitambaa kilicholowa, pumzi inakuja kwa mbali. Alipona hospitali kubwa. Tabibu alirudi toka kumsindikiza, akatukusanya, uso umebadilika.

"Kuanzia leo, mama yeyote mwenye mtoto mdogo, dawa isikae jikoni kwake. Ikae nyumba kubwa, juu, kwa mtu mzima."

Tulikubali wote. Lilikuwa agizo zuri. Bupe alipokuja kliniki na mama mkwe wake, Mama Lusekelo, tukamwambia hivyohivyo. Mama Lusekelo akapokea kibahasha akakitia kifuani.

"Nitaweka juu ya kabati langu. Jioni nampelekea kimoja mkononi, nasubiri ameze."

"Na ukisafiri?" Nesi Atupele akauliza.

"Nisafiri wapi, mwanangu, na magoti haya? Akihitaji anajua kabati lilipo."

Tukacheka. Wanyakyusa tulikuwa pale mimi, Nesi, Mama Lusekelo na Bupe mwenyewe, na hakuna hata mmoja wetu aliyesimama akafikiri.

Niwaeleze nyie vijana ambao hamkulelewa hivyo. Kwetu mke wa mwana anamwogopa baba mkwe. Kwa Kinyakyusa ni ukutila, kuogopa kwa heshima. Hamwangalii, hasemi naye, hatamki jina lake. Wakikutana njiani mwanamke anaingia migombani mpaka mzee apite. Na nyumba aliyomo mzee, yeye haingii. Haikuwa chuki. Mzee naye anakohoa kwa mbali akija, ili mwanamke apate nafasi ya kujisitiri. Siku hizi wamelegeza, wengine wanakula meza moja. Mzee Nsajigwa na Bupe walikuwa wa desturi ile ya zamani.

Lusekelo alikuwa ameenda Kasumulu, mpakani, kufanya biashara ya nguo kama vijana wengi wa wakati ule. Ikatokea kaka yake Mama Lusekelo amefariki. Msiba wetu mnaujua, mtu hafiki akageuka, analala huko mpaka mambo yaishe. Mama Lusekelo aliondoka mbio, analia, na majirani wa pande zote wakamfuata. Akitoka mlangoni akamwambia Bupe, "Dawa ziko pale." Alifikiri mchana mzee atakuwa malishoni na ng'ombe kama kawaida, Bupe ataingia achukue. Lakini mzee alikuwa ameteleza kwenye tope akavimba mguu. Akabaki ndani. Asubuhi yumo, mchana yumo, jioni yumo, amekaa kwenye kiti karibu na mlango anakanda mguu na maji ya moto.

Dawa iko juu ya kabati, kabati liko ndani, na mkwe yuko mlangoni. Kumtuma mtu hakuna wa kumtuma, mtoto hajaanza hata kutambaa. Kumwita jirani aliyebaki ni kutangaza kifafa. Bupe alisema baadaye kwamba jioni ya kwanza alijiambia, kesho mzee atatoka. Ya pili hivyohivyo. Na mwili haukumwonya, kwa sababu fenobabi haitoki mwilini kwa haraka, inaondoka polepole. Mtu anajiona mzima, anafikiri labda hata haihitaji tena. Ndipo inapomgeuka.

Siku ilipomgeuka, mimi nilikuwa naanika mashuka nje. Nikaona gari la majani mabichi ya chai linaingia kituoni, wakati barabara yake ya kwenda kiwandani siyo ile. Dereva anapiga honi hovyo. Juu ya magunia ya chai kuna toroli la kubebea ndizi na mtu amelazwa ndani yake, na mbele pembeni ya dereva anashuka Mzee Nsajigwa, anachechemea, na mgongoni amefunga mtoto mchanga kwa kitenge cha kike. Mzee mzima, koti lake la kanisani, na mtoto mgongoni. Wagonjwa waliokuwa benchini wakageuka wote kumtazama.

"Yuko nyuma," akasema. Hakutaja jina. "Yuko nyuma, mwangalieni, haachi kutetemeka."

Tulimteremsha Bupe. Mkono umeungua, mwili umekakamaa unapigapiga, macho yamegeuka juu. Tabibu Rashidi alikuja anakimbia, akawa anauliza huku anatafuta mshipa.

"Ameanza lini?"

Mzee akajibu akiwa ameupa ukuta uso. "Nilisikia chungu kimeanguka na mtoto analia. Niliita, kuna mtu? Kuna mtu? Hakuna. Nikaenda mimi. Alikuwa motoni. Nikamtoa. Ikaacha kidogo, ikarudi, haamki. Imerudi tena njiani."

"Dawa alikunywa?"

"Dawa gani?" mzee akasema. "Huyu ana dawa?"

Nikamtazama Nesi Atupele, naye akanitazama. Mzee hakuambiwa. Na hapo hapo nadhani wote wawili tulielewa kilichotokea, kwa sababu Nesi alijipiga paja akasema, "Yuko ndani! Mzee alikuwa ndani!"

Tabibu alimchoma diazepamu, sindano ya kukata kifafa, mshipani, taratibu sana, maana ukiisukuma haraka pumzi inasimama. Mwili ukalegea. Tukashukuru. Kabla hata hatujafunika mkono ulioungua, akaanza tena. Akarudia ile sindano. Ikatulia, ikarudi. Akaagiza sindano ya fenobabitoni yenyewe, na Mzee Juma alikwisha kuileta, ameishika mkononi.

"Mama Tumpe, njoo hapa kifuani. Weka mkono. Hizi dawa mbili zikikutana zinaweza kumlaza mpaka asahau kupumua. Ukiona kifua kinachelewa kupanda, usinitafute kwa adabu. Piga kelele."

"Ndiyo, Daktari."

Nikaweka mkono. Mgonjwa wangu alikuwa ameungua, ana harufu ya moshi na chai. Tabibu akachoma. Kutetemeka kukapungua kama mvua inavyokatika, tone, tone, halafu kimya. Kifua kikapanda, kikashuka. Kikapanda. Kikashuka, halafu kikakaa chini.

Nilipiga kelele nafikiri Bulyaga walisikia. Tabibu akashika mpira wa kupumulisha, akambana usoni, akawa anaminya, Nesi ameshika taya, anaminya, anaminya. Yule mtu wa Tanga aliyekuwa analalamika baridi alikuwa anatiririka jasho. Mwishowe Bupe akavuta pumzi yake mwenyewe, mbaya mbaya, yenye mkoromo, lakini yake. Mzee Juma, ambaye kazi yake iliishia dirishani, alikuwa amesimama mlangoni anasoma dua.

Bupe aliamka kesho yake, mchana. Kitu cha kwanza aliuliza mtoto. Nikampa, akanyonyesha. Cha pili akauliza, "Nani amenileta?"

Nikajifanya nanyoosha shuka. Mzee alikuwa nje, hakuondoka toka jana, na alikuwa ameniomba.

"Mama Tumpe, mwambie ni dereva."

"Tata," nikamwita, ndiyo baba kwa Kinyakyusa, "dereva hajui hata mlango wenu."

"Mwambie ni watu tu."

Lakini wodi ina midomo. Mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, "Si baba mkwe wako! Amekuja na mtoto mgongoni, tumeona wote!" Bupe akajifunika shuka mpaka kichwani. Akalia mchana kutwa. Jioni akaniambia akitoka hapo anarudi kwao Kawetele, Suma hakanyagi tena.

"Amenishika, Mama Tumpe. Ameniona nimevuliwa na ugonjwa, ameniona na mkojo. Nitapita wapi pale nyumbani?"

"Ungekufa motoni ingekuwa heshima?"

"Ingekuwa nimekufa," akasema. "Sasa ni mzima na nimeaibika, na kifafa Suma nzima wamekijua."

Nesi Atupele alimsema, mimi nilimsema, Mama Lusekelo alifika toka msibani na macho yamevimba akamsema. Hakusikia. Tabibu Rashidi alikaa pembeni ya kitanda akasema hakujua desturi hii, angejua asingetoa agizo lile hivyo, akamwomba radhi. Bupe akasema, "Siyo kosa lako, Daktari," lakini Kawetele palepale. Na mimi nilijua kule Kawetele hakuna wa kumsimamia dawa, mama yake alikwisha kufa na mke wa baba yake hampendi. Akirudi kule, safari nyingine analetwa maiti.

Asubuhi ya kuruhusiwa, nafagia, nikasikia mtu anakohoa chini ya dirisha. Kikohozi kile cha kumpa mtu nafasi. Bupe akavuta shuka. Mzee Nsajigwa alikuwa amesimama nje, ameupa ukuta mgongo, anatazama Mlima Rungwe, anaongea kwa sauti.

"Mama Tumpe, umo humo?"

"Nimo, tata."

"Hebu waambie watu wa humo ndani. Mimi siku ile nilikuwa nasukuma toroli la ndizi. Ndizi nilizikuta chini, nikazipakia, nikazisukuma mpaka barabarani. Mzee kama mimi haoni vizuri. Niliona ndizi."

Yule wa kitanda cha pili akainuka kwa kiwiko asikie vizuri.

"Na waambie fundi amekwisha kupigilia sanduku jikoni kwa mama wa mtoto, juu, lina kufuli. Mtoto hafiki. Mimi jikoni kule siingii, wanajua. Dawa ikae kwake. Na ikiisha nitakuja kuichukua mimi, nikiambiwa na mama mwenye nyumba. Sihitaji kujua ni ya nani."

Nikageuka. "Umesikia?"

Nikaendelea kufagia. Halafu sauti ikatoka chini ya shuka, ndogo, ya puani kwa kulia.

"Mwambie ndizi zimesema ndaga fijo."

Ndaga fijo ni asante sana. Nikaenda dirishani nimfikishie, ingawa alikuwa amesikia.

"Tata, ndizi zimesema ndaga fijo."

"Ndizi hazisemi," akajibu, akaondoka anachechemea. Lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Bupe alirudi Suma. Mzee Nsajigwa alikuja kuchukua fenobabi kila ilipokwisha, akisimama mwisho wa foleni, akimwambia Mzee Juma, "Naomba zile za mwezi." Mzee Juma aliongeza nyota nyingi zaidi kwenye vile vibahasha. Mpaka mzee anafariki hawakuzungumza yeye na Bupe ana kwa ana hata siku moja, na sijaona mkwe aliyeheshimiwa kama yule.

Kituoni tulibadilisha namna ya kuuliza. Tabibu hakufuta agizo lake, maana watoto bado wanameza vitu. Alimwomba Nesi Atupele amfundishe desturi, Nesi akamfundisha mpaka jinsi ya kukohoa. Baada ya hapo, kila mgonjwa wa kifafa aliulizwa dawa itakaa nyumba ya nani, na ni nani haruhusiwi kuingia nyumba hiyo, na siku za msiba itakuwaje. Tabibu alihamishwa, akaja mwingine, tukamwachia maswali hayo, naye akayashika. Mimi nilistaafu chini ya wa tatu. Nilipewa kitenge na chai ya maziwa, Nesi Atupele akatoa hotuba ya uongo mwingi kuhusu ufagiaji wangu.

Sasa nakaa nyumbani, macho hayafai, mjukuu ananiandikia mwisho huu baada ya mimi kuchoka. Nikifikiria kazi yangu, sikuponya mtu. Niligeuza watu, nikaosha, nikaweka mkono kifuani nilipoambiwa. Lakini nawaambia nyie mnaosomea kazi hizi: kidonge kinajulikana kwenye vitabu, kinafanya hivi, kinadhuru hivi, na hayo myashike sana. Kisha mtoke nje mkaangalie kimewekwa wapi, na mwenye kukimeza anapita mlango gani kukifikia.

Waliokuwepo wakati ule wako wachache. Kama Tabibu Rashidi yu hai huko Tanga na sweta nimezidisha, aseme. Watoto wa Mzee Juma, kama baba yenu siku ile hakusimama mlangoni bali alikuwa ndani nasi, mnitumie neno. Dereva wa gari la chai jina lake sikulipata, na linanikera, anayelijua aniletee. Na wewe Bupe, ambaye nasikia bado unakunywa ile ya mwezi na una wajukuu, ukisomewa haya ukaona nimekuwekea mdomoni neno ambalo hukulisema chini ya lile shuka, njoo mwenyewe unisahihishe. Nipo tu nyumbani.